Maisha ya Lucy Stone, Msemaji Aliyekatazwa Kusema

Ukimwomba mtu aliyesoma historia akutajie wasemaji mashuhuri wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, atakutajia Daniel Webster, Frederick Douglass na Abraham Lincoln. Hao walistahili sifa zao. Lakini yuko mwanamke mmoja wa wakati huo huo, mfupi wa kimo na mwenye sauti nyororo, ambaye alizunguka mji hata mji kwa miaka mingi akihutubia umati wa watu, na ambaye zamani chuoni alikatazwa hata kusoma insha yake mwenyewe mbele ya wageni. Jina lake ni Lucy Stone. Mimi ni katibu wa Chama cha Majadiliano cha shule yetu, nami nilisoma habari zake kwa kuwa nilitaka kujua watu wa zamani walijifunzaje kusema. Naomba nafasi katika gazeti letu niwasimulie.

Lucy alizaliwa tarehe 13 Agosti 1818 katika shamba lililo juu ya kilima kiitwacho Coy's Hill, karibu na mji wa West Brookfield, jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa nane kati ya watoto tisa. Baba yake, Francis Stone, alikuwa mkulima hodari na mtu mkali. Neno lake ndilo lililokuwa sheria ya nyumba. Mama yake, Hannah, alikuwa mpole na mchapa kazi. Katika ukoo wao husimuliwa kwamba jioni ya kuamkia siku ya kujifungua, mama huyo alikamua ng'ombe wanane, maana wanaume walikuwa wamekimbilia kuokoa majani makavu yasinyeshewe mvua. Na alipoambiwa kwamba amezaa mtoto wa kike, alisikitika, kwa sababu alijua jinsi maisha ya mwanamke yalivyo magumu.

Tangu utotoni Lucy alikuwa na tabia ya kuuliza. Siku moja alisoma katika Biblia kwamba mume atamtawala mke wake, akaingiwa na huzuni kubwa. Lakini hakukaa na huzuni tu. Alikata shauri kwamba akiwa mkubwa atajifunza Kigiriki na Kiebrania, apate kuyasoma maneno hayo katika lugha zake za asili, aone kama waliotafsiri walitafsiri sawa. Ndugu msomaji, fikiri juu ya mtoto wa shamba, asiye na fedha, anayeazimia kujifunza lugha mbili ngumu ili ajibu swali moja tu!

Baba yake aliwapeleka kaka zake chuoni. Lucy naye alipomwomba ampeleke, mzee alishangaa kana kwamba binti yake amepatwa na wazimu. Basi Lucy akaanza kujitafutia mwenyewe. Alichuma matunda ya porini na kuokota njugu za miti, akaziuza, akanunua vitabu. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alianza kufundisha katika shule za vijijini kwa mshahara wa dola moja kwa juma. Mwaka 1839 aliingia shule ya wasichana ya Mount Holyoke, lakini msiba wa dada yake ulimrudisha nyumbani upesi. Alirudia kufundisha na kuweka akiba senti kwa senti.

Katika miaka hiyo mambo mawili yalimchoma moyo. La kwanza ni la mwaka 1837. Wanawake wawili ndugu, Sarah na Angelina Grimké, walikuwa wakizunguka Massachusetts wakihutubia watu juu ya ubaya wa utumwa. Wachungaji wa makanisa wakatoa waraka wa kuonya kwamba haifai mwanamke asimame kufundisha mbele ya hadhara. Waraka ule ulisomwa mbele ya mkutano ambao Lucy naye alihudhuria, akatoka hapo amekasirika sana. La pili ni la kanisa lake mwenyewe. Shemasi mmoja alishitakiwa kwa kuwa alisaidia mambo ya kupinga utumwa, na kura ikapigwa kwa kunyosha mikono. Lucy, aliyekuwa mshirika kamili wa kanisa hilo, akanyosha mkono kumtetea. Mchungaji akamwambia mwenye kuhesabu asiuhesabu mkono ule, kwa kuwa ni wa mwanamke. Kura zilipigwa mara kadhaa siku ile, na kila mara Lucy alinyosha mkono wake usiohesabiwa. Hata uzeeni aliukumbuka mkono huo.

Kabla sijaendelea, sina budi kueleza kidogo jinsi vijana wa Marekani wa siku zile walivyojifunza kusema, maana bila hayo hatutaelewa Lucy alinyimwa kitu gani.

Katika vyuo vyao masomo ya darasani yalikuwa hasa Kigiriki, Kilatini na hesabu, na kazi kubwa ya mwanafunzi ilikuwa kukariri aliyofundishwa. Elimu ya kusema na kujibizana waliipata zaidi katika vyama vya fasihi, ambavyo wanafunzi waliviongoza wenyewe. Chuo cha Yale kilikuwa na Linonia na Brothers in Unity. Princeton kilikuwa na American Whig na Cliosophic. Na Chuo Kikuu cha North Carolina kilikuwa na Dialectic na Philanthropic, vilivyoanzishwa mwaka 1795. Kwa kawaida vyama katika chuo vilikuwa viwili, navyo vilishindana kama timu mbili za mpira. Kila chama kilikuwa na chumba chake cha mikutano, rais wake, katibu wake, mtunza fedha wake, na maktaba yake. Katika vyuo vingine maktaba za vyama zilikuwa na vitabu vizuri kuliko maktaba ya chuo chenyewe.

Mkutano ulifanyika kila juma. Kwanza mmoja husimama akatoa kwa moyo hotuba ya msemaji mkubwa wa zamani, bila kushika karatasi. Kisha mwingine husoma insha aliyoitunga. Halafu huja kazi yenyewe, nayo ni mdahalo. Mada ilikuwa imekwisha kutangazwa mapema, na wasemaji wamekwisha kugawiwa pande, mtu apende asipende. Waliulizana maswali makubwa: je, utumwa ukomeshwe? Je, mfalme anaweza kuuawa kwa haki? Je, vita vina faida kwa taifa? Baada ya hapo mkosoaji aliyechaguliwa alisimama kueleza makosa ya kila msemaji: huyu alinong'ona, yule alitupa mikono ovyo, yule mwingine alisema mengi bila hoja. Mwanachama aliyechelewa, au aliyekosa kuja, au aliyepiga kelele, alitozwa faini. Hivyo kijana aliyekaa miaka minne katika chama alikuwa amekwisha kusimama mara nyingi mbele ya wenzake wasiomwonea haya. Wengi wao wakawa mawakili, wachungaji na wabunge. James Polk, aliyekuwa rais wa Marekani tangu 1845 hadi 1849, alikuwa kijana wa chama cha Dialectic. Naye alimaliza chuo mwaka ule ule wa 1818 aliozaliwa Lucy.

Vyuo hivyo havikupokea wasichana hata mmoja. Lakini katika jimbo la Ohio kulianzishwa chuo kipya mwaka 1833, kiitwacho Oberlin. Chuo hiki kilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1835, na mwaka 1837 kikawaruhusu wanawake kusomea digrii ile ile wanayosomea wanaume. Lucy aliposikia habari hizo alijua mahali pa kwenda. Mwaka 1843, akiwa na umri wa miaka 25, alifunga safari. Alipovuka Ziwa Erie kwa meli hakulipia chumba; alilala juu ya sitaha kati ya mizigo na farasi ili apunguze gharama.

Maisha ya Oberlin hayakuwa rahisi. Lucy alifanya kazi za nyumba katika bweni la wasichana kwa senti tatu kwa saa. Alipokuwa akifuta vyombo alikisimamisha kitabu cha sarufi ya Kigiriki mbele yake akajifunza. Aliamka usiku wa manane kusoma, na mchana alifundisha darasa la matayarisho. Alipogundua kwamba mwanamke analipwa pungufu kuliko mwanamume kwa kazi ile ile, alidai haki yake. Aliponyimwa, akaacha kazi. Baada ya miezi michache wakuu walimrudisha kwa malipo yaliyo sawa. Vilevile alifundisha watu weusi wazima waliotoroka utumwa na ambao hawakupata kujua kusoma. Mwanzoni baadhi ya wanaume hao waliona haya kufundishwa na mwanamke, lakini hawakukawia kumpenda. Hatimaye hata baba yake, aliposikia jinsi anavyojitesa, alilainika moyo akamkopesha fedha.

Sasa tazameni ajabu ya chuo hiki. Wasichana waliruhusiwa kuingia katika somo la usemaji pamoja na wavulana, lakini kazi yao ilikuwa kukaa na kusikiliza. Wavulana walitoa hotuba na kubishana. Wasichana walikuwa wasikilizaji wao. Ni kweli kwamba wasichana walikuwa na chama chao cha fasihi tangu 1835, na humo walisomeana insha. Lakini kusimama mbele ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake na kujibizana, hilo lilihesabiwa kuwa ni kukosa adabu na kuvunja mafundisho ya Mtume Paulo.

Mwaka 1846 alifika chuoni msichana mwingine, Antoinette Brown, aliyetaka kuwa mchungaji. Yeye na Lucy wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Wote wawili walijua kwamba kazi walizozichagua zinahitaji ulimi uliofundishwa, na ya kwamba ulimi haufundishwi kwa kusikiliza tu. Wakamwendea mwalimu wao wa usemaji, Profesa James Thome, ambaye aliupinga utumwa ingawa alitoka Kentucky, jimbo la watumwa. Wakamwomba awaruhusu kushindana kwa maneno mbele ya darasa. Profesa akakubali. Habari zikaenea, na siku ilipofika darasa likajaa watu. Wasichana wawili wakajibizana kwa hoja kali, na waliohudhuria wakasema kwamba hawajapata kusikia mdahalo mzuri kama ule. Lakini mara baada ya hapo Baraza la Mabibi, ambalo liliangalia mwenendo wa wasichana chuoni, likakutana na kupiga marufuku jambo hilo lisirudiwe tena.

Je, walikata tamaa? La. Walianzisha chama cha siri. Wasichana wachache waliotaka kujifunza kusema walikwenda msituni mmoja mmoja, wakaweka mlinzi wa kutazama asije mtu, wakafanya midahalo yao chini ya miti. Baridi ilipoanza, wakatafuta nyumba. Pembeni mwa mji alikaa bibi mmoja mweusi ambaye Lucy alikuwa akimfundisha kusoma. Walipomwomba sebule yake alisita kidogo, kwa kuwa aliogopa huenda wasichana hawa wanataka mahali pa kukutana na wavulana. Alipoona kwamba hakuna ajaye ila wasichana peke yao, akawafungulia mlango kwa furaha. Wakaingia humo mmoja mmoja na wawili wawili, wasije wakaonekana, wakajadili kila jambo walilolitaka. Wavulana walikuwa na vyumba vyao vya mikutano na maktaba zao. Wasichana hawa walikuwa na sebule ya kuazima. Lakini mimi naona chama hiki kidogo kilifanya kazi kubwa kuliko vyama vingi vyenye jina.

Akiwa bado mwanachuo, Lucy alialikwa na watu weusi wa Oberlin awe mmoja wa wasemaji katika sikukuu ya tarehe 1 Agosti, siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika visiwa vya West Indies mwaka 1834. Alikwenda akasema mbele ya watu wote, huku wakubwa wa chuo wakiwa wameketi jukwaani. Baadaye akaitwa mbele ya Baraza la Mabibi kuulizwa kama hakuona vibaya kukaa jukwaani peke yake kati ya wanaume. Alijibu kwa upole kwamba wanaume hao ndio hao hao wanaomfundisha darasani kila siku, wala hakuona kwa nini awaogope jukwaani.

Mwaka 1847 ulifika wakati wa kumaliza chuo. Ilikuwa desturi baadhi ya wanafunzi wanaohitimu wachaguliwe kusoma insha zao mbele ya wageni. Lucy akachaguliwa. Lakini kwa mwanamke aliyesomea digrii pamoja na wanaume kulikuwa na sharti: insha aiandike yeye, kisha ipandishwe jukwaani na kusomwa na profesa mwanamume. Lucy aliomba aruhusiwe kuisoma mwenyewe. Ombi likakataliwa. Basi alikataa kuiandika kabisa. Aliona kwamba akikubali, atakuwa ametia sahihi maneno yale yale aliyoyapinga maisha yake yote. Hivyo alipokea digrii yake akiwa kimya, naye ndiye mwanamke wa kwanza wa jimbo la Massachusetts kupata digrii ya chuo. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Kimya chake hakikudumu. Mwaka ule ule wa 1847, katika kanisa la kaka yake mchungaji huko Gardner, Massachusetts, alitoa hotuba yake ya kwanza juu ya haki za wanawake. Mwaka 1848 aliajiriwa na chama cha kupinga utumwa awe msemaji wake. Kwa kuwa kila akisema juu ya watumwa alichanganya na habari za wanawake, wakubwa wa chama walilalamika. Wakapatana hivi: Jumamosi na Jumapili aseme juu ya utumwa, na siku nyingine aseme juu ya wanawake kwa gharama zake mwenyewe.

Kazi hiyo ilitaka moyo. Alipofika katika mji alibandika matangazo yake kwa mkono, akigongea misumari kwa jiwe, na watoto wakimfuata nyuma wakimzomea. Alitupiwa vitabu na matunda yaliyooza. Siku moja ya baridi kali mtu alipitisha mpira wa maji dirishani akammwagia maji ya baridi. Lucy alijifunga shali yake vizuri akaendelea na hotuba. Binti yake ameandika habari za mkutano mmoja wa Cape Cod, ambapo wahuni waliuvamia mkutano wakiwa na marungu. Wasemaji wengine walipoondoka, mwenzake Stephen Foster alimwuliza ni nani atakayemlinda. Lucy akamgeukia kiongozi wa wahuni wale akasema kwamba bwana huyu ndiye atakayemlinda. Yule mtu alishangaa, kisha akampa mkono wake, akamwongoza kati ya umati, akamsimamisha juu ya kisiki cha mti, naye akasimama kando na rungu lake mpaka Lucy alipomaliza kusema. Mwishoni wahuni wakachanga dola 20 kumlipa Foster koti lake walilolichana. Tazameni nguvu ya neno lililosemwa mahali pake!

Mwaka 1850 Lucy alikuwa miongoni mwa waliotayarisha mkutano wa kwanza wa taifa wa haki za wanawake, uliofanyika Worcester, Massachusetts. Mwaka 1855 aliolewa na Henry Blackwell, nao waliandika tamko la kupinga sheria zilizompa mume mamlaka juu ya mali na nafsi ya mkewe. Lucy akabaki na jina lake mwenyewe. Rafiki yake Antoinette, aliyekwisha kuwa mchungaji mwaka 1853, aliolewa na ndugu yake Henry; basi wale wawili wa msituni wakawa mawifi. Mwaka 1858 Lucy alikataa kulipa kodi ya nyumba yake katika jimbo la New Jersey, kwa hoja kwamba asiye na kura asitozwe kodi. Vyombo vyake vya nyumbani vikatolewa nje na kunadiwa.

Baada ya vita vya Marekani, wanawake wenyewe waligawanyika. Ilipotokea sheria ya kuwapa wanaume weusi kura na kuwaacha wanawake wote nje, Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton waliipinga. Lucy aliiunga mkono. Aliumia kwamba wanawake wameachwa, lakini hakutaka kuwazuia watu waliotoka utumwani wasipite mlango uliofunguka. Kwa hiyo mwaka 1869 vikawa vyama viwili, na havikuungana tena mpaka 1890. Mwaka 1870 Lucy na mumewe walianzisha huko Boston gazeti lililoitwa Woman's Journal. Mwaka 1879 jimbo la Massachusetts liliporuhusu wanawake kupiga kura za mambo ya shule, Lucy alijiandikisha, lakini jina lake likafutwa kwa sababu hakukubali kutumia jina la mumewe.

Mwaka 1883 Chuo cha Oberlin kilifanya sherehe ya kutimiza miaka 50. Miongoni mwa waalikwa wa kuhutubia alikuwako mwanamke mmoja tu, naye ni Lucy Stone. Yule aliyenyimwa ruhusa ya kusoma insha, baada ya miaka 36 aliitwa kwa heshima asimame na kusema.

Hotuba yake ya mwisho ya hadharani aliitoa Chicago mwezi wa Mei 1893. Alifariki dunia tarehe 18 Oktoba mwaka huo huo, mwenye umri wa miaka 75. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake wanawake wa New Zealand walipata kura, na majuma machache baada yake wakapata wanawake wa jimbo la Colorado. Kura kwa wanawake wa Marekani nzima iliandikwa katika katiba mwaka 1920. Lucy hakuiona, lakini binti yake, Alice, aliiona. Tangu 2003 sanamu yake iko Boston pamoja na za wanawake wengine wawili wa sifa.

Wasomaji wapenzi, habari hizi zina mafunzo kwetu. Muhula uliopita chama chetu kilifanya midahalo sita. Katika kitabu changu cha kumbukumbu nimeandika majina ya wasichana watatu tu waliosimama kusema. Wengine walikuwa wakishika saa, wakipanga viti, na kupiga makofi. Hakuna sheria inayowakataza, wala Baraza la Mabibi. Lakini mtu akizoea kupewa saa ashike, atazoea pia kunyamaza. Katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao nitaleta hoja kwamba kila upande wa mdahalo uwe na msichana na mvulana, na kazi ya kushika saa iwe ya zamu kwa wote. Wavulana wanaotaka kuipinga hoja hiyo nawakaribisha waje na sababu zao. Ndiyo kazi ya chama.

Kwa walimu wetu, naomba mtukumbuke Profesa Thome, ambaye aliwafungulia wanafunzi wake mlango ingawa alijua atalaumiwa. Na kwa wazazi wetu, nasema kwa heshima: siku ya mdahalo ni Ijumaa baada ya masomo, na wasichana wengi wanaokaa nyumbani huwahi kurudi ili wachote maji na kupika. Mkiweza kuwaruhusu wachelewe saa moja tu siku hiyo, na kazi ile ikafanywa na kaka zao, mtakuwa mmewapa kitu ambacho Lucy Stone alikitafuta msituni.